Maswali ya Wasomaji: Je, Spika Yangu Imechanika?

SWALI: Ndugu Mhariri, hivi karibuni nilinunua albamu mpya ya bendi moja huru ya vijana wanne wanaopiga mtindo uitwao pop ya gereji. Nyimbo zao zinanasa upesi, kiasi kwamba najikuta nikizipigia mluzi nikiwa kazini. Hata hivyo, gitaa linakwaruza kama linalotoka kwenye spika iliyochanika, maneno ya mwimbaji yamezama nyuma ya ngoma, na kabla ya wimbo wa tatu kuanza kuna mtu anayesikika akikohoa. Albamu nzima ina nyimbo 11 na inakwisha kwa dakika 29. Je, nimeuziwa nakala mbovu, au ndivyo wenyewe walivyotaka isikike?

JIBU: Kwanza tuiondolee spika yako lawama. Piga albamu nyingine unayoifahamu vizuri, kwa sauti ya kiwango kilekile; ikisikika safi, basi mkwaruzo umo katika rekodi yenyewe na umetiwa humo kwa makusudi. Mfano wako wa spika iliyochanika, kwa kweli, umelenga shabaha kuliko ulivyodhani. Mwaka 1964 Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya Kinks ya Uingereza, alichukua wembe akaichana karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo ili sauti itoke ikiwa imeparuka, na mkwaruzo huo ndio unaofungua wimbo wao "You Really Got Me". Siku hizi wembe hauhitajiki, kwa kuwa kuna kifaa kidogo kinachokanyagwa kwa mguu ambacho hufanya kazi hiyohiyo bila kuharibu mali ya mtu.

Jina la mtindo huu linatokana na vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 waliokuwa wakifanya mazoezi katika gereji za nyumbani kwao, wakiwa na vyombo vya bei nafuu na ujuzi ambao ndio kwanza walikuwa wanaupata. Wengi wao walirekodi wimbo mmoja au miwili kisha wakatawanyika, na huenda wangesahaulika kabisa kama mwaka 1972 mwandishi wa muziki Lenny Kaye asingekusanya nyimbo 27 za aina hiyo katika albamu ya santuri mbili iitwayo Nuggets. Bendi kama hiyo uliyoinunua hurithi ukali wa sauti kutoka kwa vijana hao, kisha huuvisha sura ya pop: kiitikio kinachorudi mapema, waimbaji wanaoitikiana, na wimbo unaokwisha kabla hujauchoka. Ndiyo maana dakika 29 hazinishtui, kwani nyimbo 11 za dakika mbili na nusu na ushee kila mmoja ndicho kipimo cha kawaida cha mtindo huu, na wimbo wa namna hiyo ukirefushwa hadi dakika tano mara nyingi huanza kurudia yale ambayo umekwisha kuyasema.

Kuhusu maneno yasiyosikika, yapo mambo mawili. La kwanza ni mapokeo. Bendi ya Kingsmen iliporekodi "Louie Louie" mwaka 1963, mwimbaji alilazimika kupaza sauti kuelekea maikrofoni iliyotundikwa juu yake, na matokeo yake hayakueleweka hata shirika la upelelezi la FBI, lililoshuku kwamba wimbo una matusi, likachunguza na kuishia kusema kwamba maneno hayo hayafahamiki. La pili ni la kiufundi. Tangu kampuni ya TEAC ilipotoa mwaka 1979 mashine ya kurekodia ya njia nne, yaani inayoweka sauti nne kila moja mahali pake kwenye kanda moja, inayotumia kaseti ya kawaida, bendi nyingi zisizo na fedha za studio zimerekodi nyumbani kwa vifaa vya namna hiyo. Ngoma, besi na gitaa vikishajaza njia tatu, huchanganywa na kuhamishiwa kwenye njia ya nne ili zile tatu zitumike upya. Lakini vikishachanganywa havitenganishiki tena, na kila uhamisho huongeza mvumo wa kanda. Ngoma zikiwa zimezidi, mwimbaji anayeingia mwishoni hana pa kusimama. Leo kompyuta imeondoa kikwazo hicho, lakini sikio la wapenzi wa mtindo huu limekwisha kuizoea sauti ile, na wasanii huiiga kwa hiari.

Hapo ndipo msikilizaji anapopaswa kuwa macho, kwa sababu ukwaruzo unaweza pia kuwa shuka la kufunikia wimbo usio na kitu. Kipimo changu ni hicho ulichokitumia bila kujua: je, wimbo unapigika mluzi? Ukiuondolea gitaa, mwangwi na kelele zote, na bado ukabaki na sauti inayojitegemea, basi watunzi wamefanya kazi yao. Kikohozi, nakiri, sikipendi. Bendi inapopiga kwa pamoja katika chumba kimoja, maikrofoni moja hunasa kila kitu na kikohozi katikati ya wimbo hakikatiki. Lakini kilicho kabla ya wimbo kilikuwa rahisi kufutwa, na kukiacha ni pambo tu.

SWALI: Bendi hujiita huru, ilhali kazi yake husambazwa na kampuni kubwa. Huo uhuru uko wapi?

JIBU: Uhuru unaozungumziwa ni wa umiliki, si wa usambazaji. Bendi inaweza kulipia kurekodi, ikabaki mwenye rekodi asilia, kisha ikaikodisha kazi ya kusambaza hata kwa kampuni iliyo chini ya Universal, Sony au Warner. Tazama maandishi madogo nyuma ya jalada, karibu na herufi P iliyozungushiwa duara: jina linaloifuata ndilo la mwenye haki ya rekodi hiyo.