Kwa nini shuka jekundu humezwa na majani: jibu kuhusu picha nyeusi na nyeupe

Ndugu yangu wa Arusha, umeeleza kwamba ulimpiga picha morani mwenye shuka jekundu akiwa amesimama kwenye majani kando ya barabara ya Monduli, ukaiondolea picha rangi kwa kubonyeza kitufe kimoja cha programu, na morani akapotea kana kwamba kila kitu kimemwagiwa majivu. Unauliza kama tatizo ni kamera yako ya zamani. Ninapiga picha hapa Moshi kwa mwaka wa kumi na mbili sasa, na kwa jinsi ulivyoeleza, kamera yako haina kosa lolote.

Ulipokuwa pale, jicho lako lilimtenga morani na majani kwa rangi, wala si kwa mwanga. Nyekundu na kijani huwa mbali sana kwa rangi lakini zinaweza kulingana kabisa kwa mwangaza, na picha nyeusi na nyeupe hujua mwangaza tu. Kanuni inayotumika sana katika kugeuza rangi kuwa kijivu huchukua takriban asilimia 59 ya kijani, 30 ya nyekundu na 11 ya bluu. Kwa kipimo cha 0 hadi 255, tuseme shuka lina nyekundu 200, kijani 30 na bluu 40, na majani yana nyekundu 70, kijani 95 na bluu 40. Ukipiga hesabu, shuka linapata 82 na majani yanapata 81. Hakuna jicho litakaloziona kama vijivu viwili.

Nililielewa jambo hili baada ya kuharibu picha ambayo siwezi kuirudia. Katika msimu mmoja wa mavuno nilipanda Kibosho kumpiga picha bibi yangu akichuma kahawa kihambani, na kwa kuwa nilikuwa na shauku ya picha za kizamani, niliiweka kamera katika hali ya nyeusi na nyeupe na kuhifadhi faili za JPEG peke yake, yaani picha ambazo kamera imekwisha kuzikamilisha na kuzibana. Buni mbivu zilizojaa kikapuni zilikuwa nyekundu tupu. Niliporudi nyumbani nikafungua picha hizo, buni na majani ya mibuni vilikuwa kijivu kimoja, na kikapu kilionekana kama kimejazwa kokoto. Sikuwa na namna ya kuziokoa, kwa sababu kamera ilikuwa imekwisha kuzitupa rangi zote na kuniachia ngazi 256 za kijivu. Msimu uliofuata bibi hakuchuma tena kahawa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako, na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, ni kwamba uhifadhi faili ghafi, lile ambalo menyu ya kamera huliandika RAW. Faili ghafi la biti 14 linaweza kubeba ngazi 16,384 za mwangaza, na rangi zote hubaki ndani yake hata kama umeiamuru kamera ikuonyeshe picha nyeusi na nyeupe kwenye kioo chake. Mimi hufanya hivyo kila ninapotoka: kioo kinanifundisha kuona mwanga bila kudanganywa na rangi, huku faili likinitunzia rangi kwa ajili ya kazi ya baadaye.

Kazi hiyo ya baadaye ndipo picha inapozaliwa. Usitumie kitufe cha kuondoa rangi. Tafuta katika programu yako sehemu ya kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe yenye kitelezi cha kila rangi, yaani kidude cha kusogeza kushoto na kulia kupunguza au kuongeza mwangaza wa rangi hiyo, uamue mwenyewe nyekundu iwe kijivu gani na kijani iwe kijivu gani. Wapiga picha wa filamu walifanya uamuzi huo kwa kufunika lenzi kwa kioo cha rangi. Mpiga picha wa Marekani, Ansel Adams, alitumia kioo chekundu mwaka 1927 kuifanya anga iwe nyeusi nyuma ya mwamba wa Half Dome kule kwao. Kwenye kamera ya dijitali usinunue vioo hivyo, kwani kioo chekundu huzinyima mwanga sehemu za sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, zinazosoma kijani na bluu, ilhali kitelezi kinakupa matokeo yanayokaribiana bila hasara hiyo. Ninapoipiga Kibo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika, huipa nyekundu uzito zaidi na kushusha bluu kidogo: ukungu wa mbali hupungua, anga huiva, theluji hubaki nyeupe. Ukishusha bluu kupita kiasi, anga hujaa chembechembe na ukingo wa mlima huzungukwa na mstari mweupe usiopendeza.

Kuhusu nyuso nitasema zaidi, kwa sababu hapa ninaona makosa mengi. Kipimo cha kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera huongeza mwanga mpaka ngozi inapauka. Mtu huyohuyo akivaa kanzu nyeupe na kusimama mbele ya ukuta mweupe, kamera hupunguza mwanga na uso huzama gizani. Katika hali ya kwanza mimi hupunguza mwanga kati ya nusu hatua na hatua moja (hatua moja hupunguza mwanga kwa nusu), katika ya pili huongeza kiasi hichohicho, kisha huangalia histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga katika picha, nihakikishe kitambaa cheupe hakijaungua, maana weupe ulioungua haurudi. Halafu mkalishe mtu karibu na mlango, uzime taa ya ndani, uuache mwanga umjie kutoka ubavuni. Uzuri wa ngozi nyeusi uko katika mng'ao wa paji la uso na mashavu unaposhuka taratibu kuingia kivulini, na huumia moyoni nikiona mtu ameung'arisha uso mzima mpaka mng'ao huo umefutika. Kitelezi cha rangi ya machungwa kikipanda kidogo, ngozi hulainika. Kikishuka, mikunjo hujitokeza. Kwa wazee mimi hukiacha kilipo.

Ukienda kuchapisha, omba nakala ndogo moja ya majaribio kwanza, kwa kuwa mashine za picha za rangi mara nyingi huacha ukijani au uwaridi kwenye kijivu.

Sasa mrudie morani wako. Ikiwa faili lake ghafi bado unalo, pandisha nyekundu mpaka shuka litulie katika kijivu cheupe, shusha kijani na njano, kwa sababu majani makavu yana njano nyingi kuliko tunavyodhani, kisha uitume tena hapa tuitazame.