Soda ya Krismasi na mkate wa Jumamosi: tuliokulia Moshi

Swali lililoulizwa hapa ni hili: ni vitu gani tulivyovionea fahari utotoni ambavyo watoto wa leo wanaviona vya kawaida tu? Wengi mmetaja soda, wali, mkate wa kupaka na chingamu ya Big G, halafu karibu kila mmoja akamalizia kwa kusema watoto wa siku hizi wamedekezwa. Mimi nimekulia Uru, juu ya Moshi mjini, mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuingia ya 1980, na sasa nalea wanangu Arusha. Naomba nijibu kwa kirefu, kwa sababu naona tunawapa watoto lawama isiyowahusu, na tunawapa wazazi wetu sifa ambayo wao wenyewe wangeikataa. Mama yangu hakutunyima soda ili tukue na adabu. Soda haikuwepo.

Tuanze na sukari, maana ndiyo mama wa utamu wote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Mwaka uliofuata ikaja vita ya Kagera, fedha za kigeni zikakauka, na bidhaa zikawa za mgawo. Kule kwetu sukari ilipitia kwa balozi wa nyumba kumi, jina linasomwa kwenye orodha, unapimiwa, unaondoka. Ikiisha, chai ilinywewa na sukari guru kama ipo, la sivyo ilinywewa hivyo hivyo. Na kilichokuwa kinaniuma, nikikumbuka sasa, ni kwamba mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC yako pale pale Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi. Mtoto wa mlimani alitazama bonde ambalo sukari inazaliwa, na nyumbani mama anaificha kopo ndani ya sanduku la nguo lenye kufuli. Mtoto wa hali hiyo akipewa peremende moja na mgeni, aliimung'unya kidogo, akaitoa, akaifunga kwenye karatasi yake, akaiweka mfukoni hadi kesho. Hilo halikuwa fundisho la nidhamu bali hesabu ya mtu ambaye hajui nyingine itakuja lini.

Sasa soda. Kwanza, bila chupa tupu hakuna soda. Chupa ilikuwa mali, ilisafishwa na kuhifadhiwa uvunguni, na aliyeivunja aliadhibiwa kama aliyevunja sufuria la shule. Soda ya kwetu ilikuja Krismasi, Kipaimara na harusi. Krismasi baba alileta chache, na sisi watoto tuligawana chupa moja wawili au watatu. Kulikuwa na sheria ya kugawana ambayo sikumbuki nani aliitunga: anayemimina ndiye wa mwisho kuchagua kikombe. Basi kaka yangu akimimina alipiga magoti, macho yake yakiwa sawasawa na ukingo wa vikombe vya bati, anaongeza tone huku, anapunguza kule, povu likituama anaanza upya. Siku ukibahatika kupata chupa nzima ya peke yako, hukufungua kizibo. Ulitoboa katikati kwa msumari, tundu dogo, ukawa unafyonza kidogo kidogo ukitembea nayo kijijini ili waone. Soda ya namna hiyo ilidumu kuanzia misa inapotoka hadi jua linapoelekea kuzama, na mwisho ilikuwa ya moto na haina gesi hata kidogo. Tuliipenda hivyo hivyo.

Mkate ulikuwa wa Jumamosi. Baba alifanya kazi mjini, akipanda nyumbani mwisho wa wiki alikuwa na mkate umefungwa kwenye gazeti. Vipande vya mwanzo na mwisho viligombewa. Blue Band ikiwepo ilipakwa na mama mwenyewe, kisu kinapita mara moja, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kopo. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, wengine mmeeleza vizuri kuliko mimi.

Wali nataka kuukalia, kwa sababu hapa sababu ya mabadiliko inaonekana kabisa. Mlimani chakula chetu ni ndizi: mtori, machalari, ndizi na maharage. Mchele ulinunuliwa, na ulikuwa wa sikukuu au wa mgeni mzito. Tuliposikia harufu ya wali tulijua kuna jambo. Waislamu wa Njoro na Bondeni kule mjini walikuwa na pilau ya Idi, na sisi Wakristo tuliokuwa na ndugu mjini tulijipanga mapema twende tukasalimie. Halafu miaka ya 1980 ukaja mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika 1987. Mabogini, Chekereni na Rau kukawa mashamba ya mpunga yenye mifereji ya saruji. Mchele wa karibu ukaanza kufika sokoni, na wali ukashuka kutoka sikukuu hadi Jumapili, kutoka Jumapili hadi siku yoyote. Mtoto wa leo wa Moshi anayesukuma sahani ya wali pembeni akiuliza kama hakuna chipsi hana kiburi. Amezaliwa baada ya mifereji ile kuchimbwa, basi.

Vitu vya madukani tulivipata kwa njia ya Rombo, wilaya inayopakana na Kenya. Mpaka ulikuwa umefungwa kwenye karatasi tu, lakini Tarakea na Holili vichochoro vilikuwa wazi usiku, na mizigo ya magendo ilipita vichwani. Kimbo, sabuni ya kunukia, dawa ya meno, biskuti, Big G. Shuleni mtoto mwenye shangazi Rombo alikuwa na marafiki wengi. Big G moja ilitafunwa na watu kadhaa kwa zamu, usiku ikabandikwa kwenye mbao za kitanda, asubuhi ikaendelea. Msako wa wahujumu uchumi ulipoanza 1983, chini ya Waziri Mkuu Sokoine, watu walitupa bidhaa porini na mitoni kwa hofu, na sisi watoto tukaambiwa tusitaje hata harufu ya sabuni tuliyoogea. Mwisho wa mwaka huo huo mpaka ukafunguliwa. Baadaye ikaja ruksa ya Rais Mwinyi, biashara ikaachiwa, maduka yakaanza kujaa, na nguo za mitumba ambazo zilikuwa marufuku zikamwagwa soko la Kiboroloni hapo Moshi hadi mtu wa kawaida akaweza kuchagua.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema "zamani" kama vile ilikuwa kitu kimoja. Fahari zetu zilifuata kahawa. Kahawa ikivunwa, ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikapelekwa chama cha msingi cha ushirika, ndipo malipo yakitoka mtoto apate gauni la Krismasi na viatu vikubwa vya kukulia, vilivyojazwa matambara mbele. Sisi wakubwa tulikuwa na baba mwenye hela ya kahawa na duka lisilo na kitu. Wadogo zetu wa mwisho walikuta kinyume. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yanalinda bei ya kahawa yalisambaratika, bei ikaanguka, na watu wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya na mahindi. Mdogo wangu alisimama mbele ya duka lililojaa soda, biskuti na pipi za kila rangi, na mfukoni hana senti. Mimi nasema huo ulikuwa uchungu mkubwa kuliko wetu. Sisi hatukuwa na cha kutamani kwa macho. Yeye alikionyeshwa kila siku akienda shule.

Na ndio maana nakataa kusema "watoto wa leo" kwa jumla. Nenda stendi ya Moshi au soko la Kilombero hapa Arusha uone watoto wanaouza karanga na mifuko saa za masomo. Kwao soda baridi bado ni ya Krismasi, kama Krismasi yenyewe itafika. Tunapoandika kwamba watoto wa siku hizi wana kila kitu, tunaandika habari za watoto wa nyumba zetu tu, na wale wengine tunawafuta.

Barafu nayo ilikuwa na lake. Kila asubuhi mawingu yakifunguka tuliona barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nyeupe, juu ya vichwa vyetu, lakini barafu ya kulamba ilikuwa mjini kwa mwenye friji. Mara yangu ya kwanza ilikuwa ya ukwaju, kwenye kimfuko chembamba, na baridi yake ilinitisha hadi nikaihamisha mkono hadi mkono. Wanangu wanasikia muziki wa baiskeli ya aisikrimu mtaani na hawainui hata kichwa. Kibo wanaiona mara moja moja tukiwa njiani, na barafu yenyewe imepungua sana kuliko ile niliyoizoea.

Kuna upande ambao sijaona mtu akiugusa kwenye mjadala huu: vitu ambavyo kwetu havikuwa na thamani yoyote na sasa ndiyo fahari ya watoto. Parachichi lilidondoka usiku, asubuhi nguruwe wanakula, yanayobaki yanaoza chini ya mgomba. Leo aina ya Hass inalimwa Kilimanjaro na kupakiwa kwenda Ulaya, na kwa wanangu juisi ya parachichi ni ya kuombea ruhusa. Maziwa tulikunywa yakiwa na joto la ng'ombe, tukapigwa kwa kuyakataa. Mapera na zambarau tulikula juu ya mti hadi tumbo likauma. Kuogelea tuliogelea kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji ya mlimani yanayokwenda mashambani, wazee wakitufukuza kwa kuwa tunayachafua. Sasa ili mtoto wa Arusha aingie kwenye maji tunapanga safari, tunachanga mafuta ya gari, tunakwenda hadi chemchemi ya Chemka kule Hai, tunalipa kiingilio, na akirudi anasimulia wiki nzima. Huyo mtoto ana njaa ya kitu ambacho mimi nilikuwa nacho bure mlangoni, kama mimi nilivyokuwa na njaa ya sukari.

Kwa hiyo kwa mwenzetu aliyeandika kwamba atawanyima wanawe soda hadi Krismasi ili wajue thamani yake: dada yangu, hawataijua. Watajua tu kwamba duka lipo, hela ipo, na mama amekataa. Kama sababu ni meno na sukari nyingi, hilo nakuunga mkono moja kwa moja, na waambie hivyo hivyo. Lakini ukitaka kuwapa kitu cha kuwafurahisha kweli, Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 tu. Wapeleke kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kwa bibi shule zikifungwa, kabla ya wiki ya Krismasi yenyewe, maana baada ya hapo nyumba inajaa watu wa Dar na bibi hana nafasi ya kukaa na mtu. Wakatiwe majani ya ng'ombe wabebe wenyewe, wakamue, wapande mpera. Na bibi akiwaletea soda kwa mapenzi yake, waacheni wanywe.