Kwa Bibi wa Maabara: Kinga nayo hulea saratani?

SWALI: Shikamoo bibi. Baba yangu mdogo, mvuvi, amekutwa na saratani ya kibofu. Daktari kasema kichocho cha utotoni kimechangia, na eti seli za kinga nazo zina mkono wao. Kuna muuzaji katuletea unga wa "kuongeza kinga", elfu arobaini kopo. Tununue?
Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Hizo elfu arobaini wekeni nauli ya kliniki.

Bahari haina lawama hapo; konokono anayebeba minyoo ya kichocho anaishi maji baridi, kwenye madimbwi tuliyoogelea utotoni. Nimekaa na darubini miaka mingi hapa Tanga. Mkojo wa kupima kichocho tulitaka uletwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai ya minyoo hiyo hutoka kwa wingi. Yai la mnyoo huyo ni refu kidogo, ncha moja ina mwiba. Yanayotoka na mkojo yana nafuu. Mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu.

Seli za kinga hulizingira yai na kulimwagia kemikali za kuua. Lenyewe halibanduki. Kemikali zinaunguza seli za kibofu zilizo jirani mpaka kwenye DNA, yaani maelekezo ya urithi ya seli, huku seli nyingine za kinga zikihimiza kidonda kiote nyama mpya. Kuunguza, kuotesha, miaka nenda rudi, kama dau linalogongwa kalafati kila siku kwenye ufa ule ule. Mwisho inaota seli iliyoharibika, isiyojua kusimama.

Habari hizi si za jana. Rudolf Virchow, daktari Mjerumani, aliziona chembe nyeupe za damu, ambazo ni seli za kinga, ndani ya uvimbe wa saratani mwaka 1863. Uvimbe ukishakua, huzirubuni makrofaji, zile seli zinazokula taka, ziujengee mishipa ya damu. Seli T, seli za kinga zenye uwezo wa kuua, hukanyagiwa breki. Wanasayansi James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2018 kwa kugundua namna ya kuziachia breki hizo.

Sasa huyo muuzaji anaongeza kinga ipi, inayoua au inayolea? Muulize, nina hamu ya jibu lake.

Watoto wanaooga madimbwini wapelekeni wapimwe. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini mayai yaliyokwisha kunasa haiyatoi. Na baba yako mdogo akiona tena damu kwenye mkojo, asingoje tarehe ya kliniki.