Mwisho wa njia ni Marereni

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: jiji lenye treni nyepesi, kama Addis Ababa, lianze na lipi, kurefusha njia zifike mitaa ya pembezoni, au kuzitengeneza kwanza zile zilizopo? Nimelisoma swali hilo nikiwa dukani kwangu hapa Malindi, ninapouza spea za tuktuk, na mteja alirudia mara mbili kuuliza bei ya kebo ya klachi kabla sijamsikia. Malindi hatuna treni. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikaelekea bara, huku kwetu haikugeuza hata shingo. Lakini kabla ya duka nilikuwa kondakta wa matatu kwa miaka tisa, njia ya Malindi na Mambrui, na swali lenu nimewahi kulijibu kwa mkono wangu mwenyewe, mlangoni mwa gari.

Nimeanza kuandika nikiwa na jibu moja tu: watengeneze kwanza. Itazameni Addis Ababa yenyewe. Treni ile ilianza kubeba watu Septemba 2015, njia mbili, moja ya mashariki na magharibi, nyingine ya kaskazini na kusini, vituo 39, treni 41, na sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya Uchina. Nauli ilikuwa birr chache, mtu wa kibarua aliimudu. Haikupita miaka mingi, treni nyingi kati ya hizo zikawa zimelala karakana kwa kukosa spea. Mimi ndiyo kazi yangu hiyo, najua chombo kizima kinavyosimama kwa ajili ya kitu cha kutia mfukoni. Tena katikati ya jiji njia zote mbili zinapita juu ya reli zilezile kwa kipande, kwa hivyo treni moja ikizimika hapo, watu wa pande zote nne wanaangaliana. Sisi kipande kama hicho tunacho, ni daraja la Sabaki, kwenye barabara ya kutoka Malindi kwenda kaskazini. Lori likifa juu yake, Mambrui haitoki, Gongoni haitoki, na wa Lamu naye amekwama.

Na wenzetu wa Dar es Salaam wanajua habari ya barabara ya mwendokasi ya Mbagala: zege lilikauka, vituo vikasimama, na kwa muda mrefu mabasi hakuna.

Katika kazi ya gari kuna hesabu mbili. Ya kwanza ni ile anayopelekewa tajiri, mwenye gari, jioni. Ya pili haina jina, lakini kila kondakta anaijua: chukua muda wa kwenda na kurudi, gawanya kwa magari uliyonayo, utapata muda ambao abiria atasimama kituoni. Mzunguko ukiwa dakika 60 na magari 10, gari linapita kila dakika 6. Vuta njia, mzunguko uwe dakika 90 na magari yabaki yaleyale 10, sasa watu wanangoja dakika 9. Na anayengoja si yule wa mwisho wa njia peke yake, ni kila mtu, hata anayekaa hatua mia moja kutoka sokoni. Treni na matatu katika hilo ni ndugu. Halafu liko la pili, baya zaidi: gari linajazwa na wa mbali, likimfikia wa karibu halina nafasi. Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza, kwa sababu nyinyi mmeuliza njia iende wapi, na mimi tangu mwaka 2005 najiuliza nani anaachwa barabarani ikishafika.

Mwaka huo sheria za matatu za waziri Michuki zilikuwa zimetimiza mwaka na ushei. Abiria 14, mikanda, kidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni, na mimi ndani ya sare ya rangi ya damu ya mzee. Zamani mtu ungemwekea ubao katikati ya viti akakaa. Sasa askari walikuwa darajani Sabaki kila asubuhi, na wa kumi na tano alikuwa kesi. Gari letu lilikuwa moja. Dereva alikuwa mzee wa Kibajuni asiyependa maneno mengi. Tulikuwa tukienda na kurudi Mambrui mara nane kwa siku, na kila mtu kwenye ile njia panda ya Mambrui alijua saa yetu.

Usiku mmoja baada ya Isha tajiri akatuita barazani kwake. Amesikia Marereni, mbele ya Mambrui na Gongoni, mashamba ya chumvi yanachukua vibarua wengi, na watu hawana gari la uhakika. Akasema, kuanzia kesho mwisho wa njia ni Marereni. Dereva akamuuliza, "Na gari la pili?"

"Ni hilihili."

Safari nane zikawa nne. Gari likawa linalala kulekule Marereni, na sisi ndani yake, madirisha tumeyafunga kwa mbu, ili liondoke alfajiri na watu wa kule. Hesabu ya tajiri ilipanda wiki ya kwanza na ya pili, na mimi nilifurahi, sitaki kudanganya. Abiria wa masafa marefu hana shida: anapanda mara moja, anakaa, analipa nauli nzima.

Sasa pale Mambrui kulikuwa na mama mmoja muuza mahamri. Kabla ya Marereni alikuwa abiria wetu wa kwanza kila siku, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alitoka ndani ya mji na kapu la ukindu kichwani, mahamri kama mia mbili, juu yamefunikwa kwa leso iliyokunjwa mara mbili yasipoe. Aliyapeleka kwenye mikahawa ya chai karibu na soko la Malindi, na hamri lazima lifike lingali moto, kwa sababu mnywaji chai wa alfajiri akilipata baridi atakwenda mkahawa wa pili. Kapu hatukulitoza nauli. Alitupa mahamri manne, mawili yangu na mawili ya dereva, tukayala hapo kwenye zamu ya kungoja abiria. Alikuwa akiniita mwanangu.

Gari lilipoanza kutoka Marereni, tulimfikia saa kumi na mbili na robo, siku nyingine na nusu. Siku za mwanzo kulikuwa na mtu wa kushuka Gongoni, basi mama akapata kiti. Wiki ya tatu hakuna aliyeshuka. Kumi na wanne wote ni Malindi moja kwa moja.

Asubuhi ninayoikumbuka ilikuwa ya Julai, kusi inavuma, manyunyu. Nilimwona kutoka mbali, kapu kichwani, leso ya juu imelowa imegeuka rangi. Sikupiga bodi gari lisimame. Dereva alipunguza mwenyewe. Nikafungua mlango, nikamwambia, "Sabalkheri, mama. Limejaa."

Akainama akatazama ndani, akaona ni kweli. Akasema, "Basi kapu tu, mwanangu. Lichukue kapu, mimi nitakuja na miguu."

Kutoka Mambrui mpaka sokoni Malindi kwa miguu ni safari ya saa tatu. Alikuwa ameshalishusha kichwani amelishika kwa mikono miwili mbele yangu, na harufu ya iliki ikaingia garini, watu wote wakageuza nyuso. Mmoja wa wale watu wa chumvi, wa kiti cha nyuma, akasema, "Kondakta, mpakie." Mwingine akasema, "Twende, tunachelewa." Nilitazama chini: ndoo, mifuko, miguu ya watu. Nikafikiri askari wa Sabaki, nikafikiri hesabu ya jioni. Nikapiga bodi mara mbili. Nilipotazama kwa kioo cha nyuma alikuwa bado amelishika kapu vilevile kwa mikono miwili, hajalirudisha kichwani wala hajaliweka chini.

Kapu lile lingekaa mapajani mwangu. Sheria ilihesabu watu, haikuhesabu makapu. Nimelifikiri jambo hili nikifunga duka, nimelifikiri nikiwa msikitini, na kila mara naliona kapu na mapaja yangu na naona lingetosha. Wala si kwamba nilikuwa sina huruma. Nilikuwa na gari moja na njia iliyokwisha kunizidi, na mtu akiwa katika hali hiyo anakuwa mwepesi wa kupiga bodi.

Wiki mbili baadaye mwenye mkahawa mmoja aliniambia siku hizi mahamri anachukua mtaa wa Barani, hapahapa Malindi. Mama akawa anauza palepale njia panda, hamsini, sitini, yakibaki anarudi nayo.

Hapa ndipo nilipokusudia kufunga barua. Nilitaka kuwaambia wa Addis Ababa na jiji lolote: msiwaguse watu wa katikati ya njia, wapeni treni zinazotembea kwanza, za mbali zitakuja baadaye. Nimeacha kalamu nikaenda kuswali Alasiri. Niliporudi, aliyenikalia kichwani hakuwa mama tena, alikuwa yule wa kiti cha nyuma aliyesema "mpakie".

Nilimjua. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka kwa maji ya chumvi, mipasuko mirefu ya kutia wembe, na alikuwa akivaa kandambili amezilegeza kwa kamba ya katani zisimbane. Kabla yetu, alikuwa akija Malindi juu ya lori, juu ya magunia ya chumvi, mvua ikinyesha analowa maji ya chumvi mpaka kwenye vidonda. Na lori halina saa, leo lipo, kesho halipo. Mke na watoto alikuwa nao Muyeye, hapa Malindi, akiwaona mwisho wa mwezi. Gari letu lilipoanza kulala Marereni, akawa anakuja kila wiki, mara nyingi Alhamisi jioni, anarudi Jumamosi asubuhi. Miezi minne.

Kisha springi za gari zikakatika mara mbili, tajiri akapiga hesabu ya spea, akatuambia turudi Mambrui kama zamani. Safari ya mwisho kutoka Marereni ilikuwa Alhamisi. Mimi na dereva tulijua. Abiria hawakujua, tajiri hakutaka waambiwe, wasije wakatukimbia siku hiyo. Yule bwana aliposhuka Malindi akaniuliza, "Jumamosi saa ngapi?"

Nikamwambia, "Saa ileile, inshallah."

Sasa nawapima wote wawili na mzani haukai nilipouweka mwanzo. Mama alichelewa, akapoteza wateja, na mimi nilimkosea. Lakini nyuma yetu kulikuwa na gari lingine lililopita Mambrui saa moja na nusu. Lilikuwa la kuchelewa, lakini gari. Huyu wa Marereni nyuma yetu kulikuwa na lori. Na mama alirejea kwetu tuliporudi, akapata tena mkahawa mmoja, tena akaendelea kunipa mahamri mawili ambayo sikustahili. Huyu sikumwona tena. Jibu langu la mwanzo lilitoka Mambrui kwa sababu Mambrui walinijua na kunilaumu usoni. Wa mwisho wa njia hawajui hata wamlaumu nani.

Kwa hivyo, mhariri, nabadilisha. Warefushe. Mtu aliye mbali na njia hangoji dakika 6 wala 9, yeye hana cha kungoja. Lakini nina masharti, na nayaweka kama mtu aliyelala ndani ya gari Marereni. Treni zinunuliwe kabla ya reli kutandikwa, na spea zake zije pamoja nazo, si baada ya ya kwanza kulala. Treni nyingine zianzie katikati ya njia zikiwa tupu, zisitoke zote mwishoni. Hili linawezekana, kinachotakiwa ni kipande cha reli cha kugeuzia na mtu wa kupanga ratiba. Tungekuwa na gari la pili likaanzia Mambrui saa kumi na moja na nusu, mama angekaa kiti chake na watu wa chumvi chao, na mimi nisingekuwa na kisa cha kuwaandikia. Na kile kipande cha katikati kinachobeba njia zote kiangaliwe kabla ya kuongezewa mzigo, kwa sababu ukirefusha ncha bila kugusa daraja la Sabaki, umeongeza watu wa kukwama tu.

Fedha zikiwa za jambo moja pekee, za reli bila treni? Hapo narudi nilikoanza, wasirefushe, ingawa naandika hivyo na mkono mzito. Ila wasiende huko mbali kupima viwanja na kupiga picha, wakawaambia watu treni inakuja hali wanajua haiji. Hilo nimelifanya mimi, stendi ya Malindi, Alhamisi jioni, nimeshika mlango wa gari na mtu ananitazama usoni.