Krismasi ya Jua Kali na Kundi la WhatsApp la Ukoo

Kama ukoo wenu una watu Busia, Mbale na Kampala, na wengine wawili watatu wako ng'ambo, basi Desemba simu haipumui. Kundi letu linakwenda kwa Kiswahili, maana shemeji wa Kigisu, mke wa Kiganda na wakwe wa upande wa Kenya hawana lugha nyingine ya kubishania ng'ombe. Na ng'ombe ndiye ajenda.

Kuchangia nyama ya sikukuu si jambo la jana. Vijijini watu huweka akiba kidogo kidogo mwaka mzima, wakanunua dume, wakachinja na kugawana mafungu. Simu imeongeza kwamba hata aliye Toronto naye ana fungu lake. Ushauri wangu: mtunza hazina asiwe admini. Admini ana uwezo wa kumtoa kundini anayeuliza maswali, na huyo muulizaji ndiye mnayemhitaji. Kila anayetuma aongeze jina lake na kiasi kwenye orodha ileile, ionekane na wote. Pia atume na ya kutolea, kwa sababu juu ya ada ya kampuni ya simu serikali ya Uganda inakata kodi ya asilimia 0.5 pesa inapotolewa. Asiyetuma ya kutolea akumbushwe pembeni. Ukimwaibisha mbele ya wakwe, mwakani humpati.

Sasa jua. Kwetu kiangazi huanza Desemba na kuendelea hadi Februari, na nyama mbichi haingoji mtu. Chinjeni alfajiri ya tarehe 24, kabla nzi hawajaamka, na mafungu yagawanywe kivulini, juu ya majani ya mgomba. Nyumba isiyo na friji ikaange fungu lake siku hiyohiyo kwa chumvi na mafuta yake yenyewe mpaka maji yakauke, na vipande vinavyobaki vitundikwe juu ya moshi wa jikoni. Kesho yake utavichemsha.

Kwa siku yenyewe, mimi ni mtu wa luwombo, na sibishani na wanaotaka pilau. Jani la mgomba linapitishwa juu ya moto hadi lilegee na rangi yake ikolee, kisha uti wake mgumu unapunguzwa kwa kisu ili likunjike bila kupasuka. Ndani unaweka kuku aliyebabuliwa kidogo, unamwagia mchuzi wa karanga, unafunga kwa ukamba wa mgomba, halafu vifurushi vinapangwa sufuriani na kupikwa kwa mvuke. Uzuri wake ni kwamba unaweza kupunguza moto ukaenda kanisani. Mchungaji akirefusha mahubiri, na siku hiyo lazima arefushe, jani linatunza joto na mchuzi haukauki. Matoke nayo imefunikwa kwa majani pembeni, inasubiri vilevile.

Mti wa Krismasi kwetu ni tawi la saiprasi ndani ya ndoo ya mchanga, limebandikwa vipande vya pamba vya kuigiza theluji. Hili sijawahi kulielewa: nje watoto wanatoka jasho ndani ya suti mpya, ndani pamba ya dukani inajifanya barafu. Kwa watoto hao nunua nguo nyepesi. Gauni zito linalong'aa huvuliwa kabla ya saa sita.

Safari sina mengi. Nauli hupanda wiki ya mwisho, kwa hiyo aliye Kampala asafiri mapema, wala asitegemee tarehe 24. Msongamano wa kutokea Kampala hadi Mukono unajulikana. Ukifika Namawojjolo, kituo cha wachuuzi wa vyakula barabarani, kuku wa kijiti na gonja (ndizi za kuchoma) vikiingizwa dirishani, kula. Nyumbani hawajaanza kupika.

Rudi kwenye kundi. Ndugu wa ng'ambo hutaka video ya moja kwa moja wakati wa chakula, wasikumbuke kwamba saa nane mchana kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi Toronto, na mtandao wa kijijini siku hiyo umeelemewa. Rekodini vipande vifupi mchana, mtume usiku. Vifupi, nasema, maana bando ni pesa. Mwaka 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku kuingia kwenye mitandao ya kijamii, na tangu 2021 kodi imehamia kwenye bando lenyewe, asilimia 12. Bibi aliyenunua MB za elfu moja hatakusamehe kwa video ya keki ya dakika nane. Zile picha za "Heri ya Krismasi" zinazometameta, ambazo kila mtu amezisambaza kutoka kundi jingine, admini azipige marufuku kuanzia tarehe 23 ili ujumbe wa nani analeta sufuria kubwa usizame.

Boxing Day, kabla watu hawajaanza kurudi mjini, mtunza hazina aweke hesabu kundini: bei ya dume, mchinjaji, chumvi, kuni. Ngozi nayo iandikwe iliuzwa kwa nani na kwa bei gani. Kila mwaka ugomvi wa Januari huanzia kwenye ngozi.