Kwa mnaoanza kuandika tangulizi za filamu za opereta

Wadogo zangu, nimesoma rasimu zenu za I Give My Heart, ile filamu ya Uingereza ya 1935 iliyotokana na opereta, yaani mchezo mwepesi wa kuimba. Karibu zote zinaanza kwa kudai kuwa haya ni maisha ya kweli ya Madame du Barry, kimada wa mfalme Louis XV wa Ufaransa. Nawapenda, lakini kila kundi jipya linakuja na kosa hilihili, na nimechoka kulifuta.

1. Historia msiichote kwenye opereta. Jeanne Bécu, ndiye huyo Madame du Barry, alizaliwa Vaucouleurs mwaka 1743, akauza mitindo dukani Paris. Kimada rasmi wa Louis XV alitakiwa awe na cheo, kwa hiyo 1768 akaozwa kwa Guillaume du Barry, ndugu wa yule yule mwanamume aliyekuwa akimweka Jeanne kinyumba na kumtembeza kwa wakubwa. Aprili 1769 akatambulishwa Versailles, kwenye jumba la mfalme. Mfalme akafa kwa ndui 1774. Jeanne akapelekwa kwa watawa, na Desemba 1793 akauawa kwa gilotini, mashine ya kukata vichwa. Opereta hupenda kupanda kwake kuliko kuanguka, na ni haki yake. Ninyi semeni wazi mnaeleza kipi.

2. Watunzi wa muziki wa opereta hii ni wawili. Carl Millöcker alitoa Gräfin Dubarry Vienna mwaka 1879. Theo Mackeben akaifumua na kuisuka upya Berlin mwaka 1931.

3. Ulizeni anayeimba ni nani na kwa nini yuko hapo. Hapa naomba mnivumilie, maana bado pananiuma. Utangulizi wangu wa kwanza wa filamu hii ulisema kwamba Gitta Alpár, nyota wa Berlin, alihamia kwenye filamu za Uingereza "kupanua jina lake". Niliona sentensi imekaa vizuri, nikaikabidhi, ikasomwa ukumbini. Watu walipokuwa wakitoka, mama mmoja mtu mzima akanishika mkono, akaniuliza kwa upole: mwanangu, Myahudi angebakije Berlin baada ya 1933? Sikuwa na jibu kwa sababu sikuwa nimejiuliza. Alpár alikuwa binti wa mwimbaji wa sinagogi huko Budapest. Mwaka 1931 ndiye aliyeimba du Barry katika Admiralspalast, ukumbi wa maonyesho wa Berlin, na Berlin ikampenda. Wanazi waliposhika madaraka, jukwaa lile likafungwa kwake. Mimi nikageuza kufukuzwa kwake kuwa safari ya biashara, mbele ya watu walioniamini. Hakuna aliyenikaripia, na hilo lilizidi kuniuma. Sasa nikimtazama kwenye filamu, msichana wa duka anayepanda hadi kwa mfalme, nasikia pia mwimbaji anayerudia kwa Kiingereza nafasi iliyomletea sifa katika mji asioweza kurudi. Mtazamaji anastahili kuambiwa hilo kabla taa hazijazimwa.

4. Manukuu, yale maandishi ya chini ya picha: kiitikio kikirudiwa, msikibandike tena na tena, waacheni watu wasikilize.

5. Picha. Mmoja wenu ameweka ya Anny Ahlers. Huyo aliimba du Barry jukwaani London mwaka 1932, akafariki 1933 akiwa bado kijana, kabla filamu hii haijatengenezwa. Naye ana habari yake inayostahili ukurasa mzima, kwa hiyo aliyekosea picha ndiye atakayeiandika. Wengine rekebisheni aya ya kwanza mniletee Ijumaa.