Mshipa wa kusikia ni mwembamba, je mtoto atasikia?

Dada wa Tororo, umeuliza kama mshipa wa kusikia ukionekana mwembamba kwa picha basi mtoto ni kiziwi moja kwa moja, na kama ununue ile mashine ya nguvu ya kuvaa sikioni. Mimi nakujibu kwa yale tumepitia na binti yangu hapa Busia, yeye ni sikio la kushoto.

Kwanza, picha gani? CT, ile ya eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, inaonyesha mfupa, yaani tundu mshipa unamopita, likiwa chini ya milimita 2 wanashtuka, lakini mshipa wenyewe hauonekani, na tundu linaweza kuwa sawa kabisa kumbe ndani hamna kitu. Inayoonyesha mshipa ni MRI, ile picha ya sumaku. Mle tunduni inapita mishipa minne, wa uso, wa kusikia na miwili ya kukufanya usiyumbe, sasa daktari wa picha anaulinganisha wa kusikia na wa uso, kawaida wa kusikia unalingana nao au unaupita kidogo, ukiwa mdogo kuliko wa uso ndio anaandika umepungua.

Lakini unene peke yake haukuambii anasikia kiasi gani bana. Mtu mwenye masikio mazima ana nyuzi kama 30,000 kwenye mshipa huo, anaweza kupoteza nyingi na bado akasikia milio ya kwenye hedifoni, ila sokoni maneno ya watu yanampotea. Halafu kuna watoto MRI imesema mshipa haupo na bado wanaitikia sauti, sababu nyuzi chache nyembamba picha haizikamati. Na kwa wakubwa waliokaa miaka bila kusikia, mshipa unaweza kusinyaa baadaye, kwa hiyo hapo wembamba ni matokeo, sio chanzo.

Binti yangu akiwa mchanga alipita kile kipimo cha kidude sikioni kinachosikiliza mwangwi wa koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio yenye umbo la konokono. Koklea ilikuwa nzima, shida iko nyuma yake, zahanati wakatuambia nendeni nyumbani mko sawa! Kilichosema ukweli ni ABR, ile ya kubandika waya kichwani mtoto akiwa amelala, kuona kama sauti inapita kwa mshipa hadi kwenye ubongo. Hicho ukidai, usikubali picha peke yake.

Mashine inaongeza sauti tu, mshipa hainenepeshi, na dawa ya kuunenepesha haipo, wa miti shamba mwambie asante upite. Hata kipandikizi cha koklea, kile kifaa kinachowekwa kwa upasuaji, umeme wake unapita kwa mshipa uleule, ndio maana wenye mshipa mwembamba wengine wanafaidika na wengine kidogo sana.

Kama ni sikio moja, mkalishe darasani lile zima lielekee kwa mwalimu, wangu anasoma vizuri, shida ni barabarani hajui boda inatokea upande gani kwa hiyo tunamshika mkono. Kama ni yote mawili usingoje vipimo viishe, anza lugha ya alama sasa, na wewe na ndugu zake mjifunze, akipata kifaa baadaye haitamharibia chochote.